Mwanangu, Funga Taa ya Nyuma

Mwanangu, jambo hili nimekuambia tangu masika. Nimekuambia tukiwa wawili, nimekuambia mbele ya mama yako, na kila mara umeitika "ndiyo, baba mkubwa", kisha ukaondoka na baiskeli ileile na giza lilelile nyuma yako. Sina tena nguvu za kumfokea mtu. Leo naandika, polepole, ili na vijana wengine wa njia yenu wasome, kwa kuwa wenye kosa hili ni wengi.

Baiskeli yako haina taa ya nyuma. Dainamo unayo, nzima kabisa, imefungwa kwenye foki ya mbele. Taa ya mbele unayo. Nyuma una kile kioo chekundu cha kuakisi kilichokuja na baiskeli, kiko kwenye madigadi, na kila siku unakifunika kwa madumu ya maziwa unayoyaning'iniza kwenye keria. Saa kumi za usiku unatoka nyumbani, na kabla ya adhana ya alfajiri uko kwenye lami ya Nzega, barabara inayobeba malori ya kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Isaka na Kahama, na mengine yanavuka Rusumo kuingia Rwanda. Saa hizo dereva wa lori anapigana na usingizi. Wewe uko mbele yake, huna alama yoyote.

Umewahi kunipa majibu matatu. Nimeyapokea yote, maana kijana anayejibu angalau amefikiri. Ulisema taa ya nyuma huioni wewe mwenyewe, kwa hiyo haikusaidii kitu. Ulisema dereva ana taa kubwa kuliko zako zote, atakuona. Na ulisema taa ya pili itainyonya dainamo, ya mbele ififie na miguu ichoke zaidi.

Jibu la kwanza halihitaji maneno mengi. Taa ya mbele inakuonyesha shimo. Shimo likikushinda utaanguka, utachubuka, utamwaga maziwa. Kinachokuja nyuma kina uzito wa tani nyingi, na wewe huna jicho kisogoni. Kati ya taa hizo mbili, ile usiyoiona ndiyo inayozungumza na mtu anayeweza kukuua.

Jibu la pili ndilo linalonisumbua usiku, maana lina sura ya haki. Dereva ana taa, ana macho, ana leseni. Kwa nini mzigo wa kuonekana uwe wako? Swali hili si lako peke yako, na si la jana. Uingereza, waendesha baiskeli walibishana nalo kwa miaka mingi. Sheria yao ya taa za barabarani ya mwaka 1927 iliwaruhusu watumie kioo chekundu cha kuakisi badala ya taa ya nyuma, na chama chao kikubwa, Cyclists' Touring Club, kilipinga kwa nguvu zote kulazimishwa taa. Hoja yao ilikuwa kwamba mwenye gari anapaswa kwenda kwa mwendo unaomruhusu kusimama ndani ya umbali anaouona. Kumwambia mwenye baiskeli awashe taa nyuma ni kuhamisha wajibu wa mwenye nguvu na kumtwika mnyonge. Ukweli ni kwamba walikuwa na haki. Nami nikiwa hakimu ningewapa ushindi. Lakini vita vilipoanza mwaka 1939 na miji ikazimwa taa kwa kuogopa ndege za adui, magari yakawa yanatembea na taa zilizofunikwa, na hapo taa ya nyuma ya baiskeli ikawa lazima. Vita vilipokwisha, mwaka 1945, Bunge lao likapitisha sheria ya kuibakiza. Haki ya mwenye baiskeli ilikuwa palepale, ila giza lilikuwa halijali haki ya mtu.

Mataifa yalipokutana Vienna mwaka 1968 kuandika mkataba wa usalama barabarani, yaliandika kwamba baiskeli iwe na breki, kengele, taa nyeupe au ya njano mbele, na nyuma iwe na vitu viwili: kioo chekundu cha kuakisi na taa nyekundu. Vyote viwili. Hawakusema chagua kimoja.

Sasa tuhesabu pamoja, kwa sababu najua hesabu unaiamini kuliko mimi. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Wewe na mzigo wako unakwenda labda kilomita 15 kwa saa, yaani mita nne na kidogo kwa sekunde. Basi linakukaribia kwa mita 18 hivi kila sekunde. Gari likija kutoka upande wa pili, dereva wako anashusha taa zake, na wakati huohuo macho yake yanapigwa na mwanga wa mwenzake. Kama katika hali hiyo atakugundua ukiwa mita 40 mbele yake, amebakiwa na sekunde mbili na kitu. Mwongozo wa barabara wa Waingereza unakadiria kwamba gari dogo lenye mwendo huo, kwenye lami kavu, linahitaji mita 53 kusimama, kuanzia dereva anapoona hatari. Hilo ni gari dogo. Lori lenye kontena linahitaji zaidi. Na kukukwepa hawezi, maana upande wa kulia lipo gari linalokuja.

Weka taa nyekundu nyuma. Hata tukisema inaonekana mita 200 tu, dereva amepata sekunde 11. Katika sekunde 11 mtu anaondoa mguu kwenye mafuta, anasubiri gari la mbele lipite, anakuzunguka vizuri, na anaendelea na safari yake bila hata kukumbuka kwamba alikuona.

Usiniambie habari ya kile kioo. Kioo cha kuakisi hakina mwanga wake; kinarudisha mwanga uliokifikia, kwa yule aliyeutuma, na kinafanya kazi vizuri kikiwa kisafi na kimesimama wima. Chako kina vumbi la kiangazi kizima. Madigadi yako imepinda, kinatazama chini. Na dumu limekifunika. Kisafishe, kinyooshe, kiache palepale, ila usikitegemee peke yake.

Jibu lako la tatu, la dainamo kunyonywa, ndilo lililonifanya nitabasamu. Siku ile ile ulinilalamikia kwamba globu za mbele hazidumu. Ulisema ukiteremka mlima tu, globu inang'aa sana halafu paa, imekufa. Ulilaumu wauza duka, ulilaumu globu za bei rahisi. Inawezekana baadhi ni mbovu. Lakini shuka chini utazame ubavu wa dainamo yako. Imeandikwa 6V 3W. Maana yake imetengenezwa kulisha wati tatu kwa volti sita. Halafu ichomoe globu yako ya mbele usome kwenye shingo yake: 6V 2.4W. Umeona? Kuna wati 0.6 zisizo na pa kwenda. Hizo ndizo za taa ya nyuma. Waliotengeneza dainamo waliipigia hesabu taa ya nyuma tangu mwanzo: 2.4 mbele, 0.6 nyuma, jumla 3.

Dainamo si kama betri, inayotoa kadiri inavyoombwa. Ndani yake kuna sumaku inayozungushwa na tairi katikati ya koili ya waya, na ikishapata mwendo wa kutosha inasukuma mkondo wa karibu nusu ampea, uwe umefunga taa moja au mbili. Zikiwa mbili, ya mbele inapata ampea 0.4 na ya nyuma 0.1, kila moja kipimo chake. Ikiwa moja tu, mkondo wote unapita kwenye uzi wa globu ya mbele, uzi ambao haukutengenezwa kuubeba. Kwenye tambarare unavumilia. Kwenye mteremko unakatika. Kwa hiyo, mwanangu, fedha unayotumia kununua globu za mbele ni fedha ya taa ya nyuma ambayo hukuifunga. Mwanga wa mbele utapungua kidogo, kweli, kwa sababu sasa hivi unawaka kupita kiasi. Na miguu yako haitajua tofauti, maana kazi kubwa inayokuchosha ni kichwa cha dainamo kusugua tairi, na hiyo tayari unaifanya kila usiku.

Dukani omba taa ya nyuma ya dainamo, globu yake iwe 6V 0.6W. Usikubali kupewa globu nyingine ya mbele ikatiwa ndani ya kifuniko chekundu. Ukifunga globu mbili kubwa, zote mbili zitakuwa hafifu. Na rangi iwe nyekundu. Naona vijana wanafunga vitaa vya buluu na kijani nyuma kwa urembo. Dereva akiona nyekundu anaelewa kuna kitu mbele yake kinachokwenda anakokwenda yeye. Akiona rangi nyingine anapoteza sekunde ya kujiuliza, na sekunde tumeshazihesabu.

Mahali pa kuifungia pafikirie kabla hujashika spana. Watu wengi wanaifunga kwenye madigadi, palipo na tundu tayari, kisha mzigo unaifunika. Wewe wa madumu, ifunge pembeni, kwenye bomba la fremu linalokwenda kwenye ekseli ya nyuma, upande wa kulia, upande magari yanakopita. Pakia mzigo wako wote, kisha mwambie mdogo wako asimame hatua 30 nyuma yako, atazame. Kama haioni, sogeza. Usiifunge ukiwa na baiskeli tupu ukadhani umemaliza.

Kwenye waya ndiko mafundi wetu wanakoharibu. Mtindo wa zamani ni waya mmoja kutoka dainamo hadi kwenye taa, na umeme unarudi kupitia chuma cha fremu. Unafanya kazi, ila unahitaji chuma kiguse chuma. Rangi inazuia. Kutu inazuia. Ndiyo maana kibano cha dainamo kina skrubu ndogo yenye ncha, kazi yake ni kutoboa rangi ya foki ifike kwenye chuma. Ukiikaza nusunusu, taa zinawaka na kuzima kila unaporuka tuta. Kwa taa ya nyuma umeme wa kurudi unapaswa kupita kwenye bolti ya taa, fremu nzima, bearingi za shingo ya usukani zilizojaa grisi, ndipo ufike kwenye foki. Safari hiyo ina vizuizi vingi. Mimi nakushauri uache ubahili, ununue waya wa nyuzi mbili, kama ule mwembamba wa spika za redio, uzi mmoja uende na mwingine urudi. Uzi wa kwenda unaufunga kwenye kichwa cha dainamo pamoja na waya wa taa ya mbele, na wa kurudi unaukaza kwenye chuma cha kibano, pale pale ulipopasugua kwa msasa.

Pale waya unapotoka kwenye foki kuingia kwenye fremu, acha ulegevu wa kutosha. Pindisha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, uone waya hauvutwi. Kisha uupitishe upande wa kushoto wa fremu, mbali na cheni, na usiguse vyuma vya breki. Ufunge kwa tepu, au kwa vipande vya tyubu kuukuu kama tunavyofunga kila kitu. Kila palipounganishwa pazungushiwe tepu vizuri, maana waya ulio wazi ukigusa fremu, taa zote mbili zinazima kwa pamoja, na utahangaika usiku ukidhani dainamo imekufa.

Ukiwa hapo hapo, itazame na dainamo yenyewe. Ukichora mstari kutoka kwenye mhimili wake, mstari huo ufike katikati ya habu ya gurudumu. Yako imeinama; ndiyo maana inapiga kelele na imeanza kula ubavu wa tairi. Mvua ikinyesha kichwa chake huteleza, na taa hupepesa. Zipo dainamo za ndani ya habu ambazo hazitelezi. Sturmey-Archer wa Nottingham walizitengeneza tangu miaka ya 1930, na siku hizi wapo wanaotengeneza nzuri zaidi. Lakini bei yake si ya muuza maziwa. Hii yako, ikinyooshwa, inatosha.

Tena ukumbuke jambo moja, nalo fundi hatakuambia. Taa ya nyuma ikifa huwezi kuiona, lakini taa ya mbele itakuambia. Ukiwa unakwenda mwendo wa kawaida, ghafla mbele pakang'aa kuliko kawaida, usifurahi. Ya nyuma imekata. Toka kwenye lami utazame. Na ya mbele ikifa kwanza, ile ndogo ya nyuma itabebeshwa mkondo wote na itaungua papo hapo. Kwa hiyo mfukoni uwe na globu mbili za akiba, moja ya kila aina, umezifunga kwenye kitambaa.

Udhaifu wa dainamo naujua: ukisimama, giza. Ukiteremka kusukuma baiskeli kwenye kilima, mwanga unakufa wakati ule unapouhitaji. Siku hizi kuna taa za nyuma za LED zilizotengenezwa kwa dainamo, ndani zina kapasita inayohifadhi umeme kidogo na kuiacha taa iwake kwa dakika kadhaa baada ya kusimama. Ukiipata, inunue. Ila hiyo inakula umeme mdogo sana, basi mbele badilisha globu uweke ya 6V 3W. Na usichukue kitaa cha LED cha betri ukakiunganisha na waya wa dainamo. Dainamo inatoa mkondo geu unaopanda na kushuka na mwendo wako, na kitaa hicho kitaungua. Kama huna taa ya kapasita, ukishuka kusukuma, toka kwenye lami. Ni changarawe, ni mchanga, najua. Toka.

Utasema, kwa nini nisitumie betri moja kwa moja? Tumia, sikukatazi. Wajerumani waling'ang'ania dainamo kisheria mpaka mwaka 2013, kisha wakaruhusu betri. Lakini wewe nakufahamu. Betri itaisha katikati ya wiki, utasema utanunua ukilipwa maziwa, na siku tatu utakwenda gizani. Dainamo inalipwa kwa miguu yako, na miguu unayo.

Nasema haya kwa sababu nimekaa kwenye misiba ya barabara hii mingi kuliko inavyostahili mtu mmoja. Msiba huwa ni uleule. Baiskeli iliyokunjika imeegemezwa ukutani, mzigo umerudishwa na wasamaria, na habari kutoka kituo cha polisi ni kwamba dereva anasema, "Sikumwona." Watu wanakasirika, wanasema ni mwongo. Mimi nimeacha kukasirika. Nadhani wengi wao wanasema kweli, na hilo ndilo linalonichosha, kwamba mtu wetu anakufa kwa sababu ya wati 0.6.

Na ninyi wazazi wenzangu mnaowatuma watoto alfajiri na maziwa, mkaa na mboga: mnapowanunulia baiskeli, msiitoe dukani bila taa ya nyuma. Tunajadiliana bei ya keria, ya kengele, ya maua ya plastiki kwenye usukani, halafu taa tunasema tutaongeza baadaye. Baadaye hiyo huwa haifiki. Na mafundi, kijana akija kufungiwa dainamo, mfungieni taa mbili. Mkimfungia moja mmemfanyia nusu ya kazi, na mmemuuzia globu za kuungua.

Wewe, mwanangu, Jumamosi baada ya kupeleka maziwa njoo kwangu na baiskeli. Waya ninao, msasa na plaizi ninazo. Lete taa na globu zake. Kazi yenyewe haimalizi hata mchana. Kuanzia leo mpaka siku hiyo, usiingie kwenye lami kabla hapajapambazuka. Maziwa yakichelewa nitakwenda mwenyewe kuzungumza na mnunuzi.